Homa ya Ini B ya Kudumu: Nani Yumo Hatarini, na Hatari Hiyo Hupunguzwaje

Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa Marekani walichanjwa dhidi ya homa ya manjano kwa chanjo ambayo, ili isiharibike mapema, ilikuwa imechanganywa na majimaji ya damu ya binadamu. Sehemu ya majimaji hayo ilikuwa na kirusi ambacho wakati huo hakuna mtaalamu aliyekifahamu. Makadirio yaliyofanywa miongo minne baadaye yanaonyesha kwamba askari wapatao 330,000 waliambukizwa, na takriban 50,000 kati yao walilazwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano na mkojo wa rangi ya chai. Watafiti walipowapima upya baadhi ya wazee hao mwaka 1985, walikuta kwamba karibu wote waliougua walikuwa na alama za kuwahi kukutana na kirusi cha homa ya ini B, lakini waliokuwa bado wanacho mwilini walikuwa asilimia 0.26 tu. Vifo vilipofuatiliwa katika kundi hilo kubwa, ziada ya saratani ya ini iliyoonekana ilikuwa ndogo sana.

Sasa linganisha na Taiwan. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, daktari Mmarekani R. Palmer Beasley na wenzake waliwaandikisha wanaume 22,707, wengi wao watumishi wa serikali, wakawapima, kisha wakawafuatilia mwaka hadi mwaka wakiangalia nani anafariki na kwa sababu gani. Wanaume 3,454 walikutwa na kirusi, ingawa kwa kuwatazama walikuwa watu wazima wenye afya waliokwenda kazini kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1981 yaliwashtua wengi: kati ya vifo 105 vilivyotokea miongoni mwa wenye kirusi, asilimia 54.3 vilitokana na saratani ya ini au makovu ya ini, ilhali kati ya vifo 202 vya wasio na kirusi, sababu hizo mbili zilichangia asilimia 1.5 pekee. Uwezekano wa kupata saratani ya ini ulikuwa mkubwa zaidi ya mara 200 kwa mwenye kirusi kuliko kwa asiyekuwa nacho.

Kirusi ni kilekile, na askari wale ndio waliougua vibaya zaidi mwanzoni. Tofauti kubwa kati yao na watumishi wa Taiwan ni umri waliokuwa nao kirusi kilipoingia mwilini. Askari walikuwa vijana wenye kinga iliyokomaa, ambayo ilikitambua kirusi, ikapambana nacho kwa nguvu kiasi cha kuwafanya wawe manjano, na ndani ya miezi michache ikakimaliza. Wanaume wa Taiwan wengi walikipata walipozaliwa au walipokuwa watoto wadogo, wakati ambapo kinga haijaweza kukitofautisha kirusi na mwili wenyewe, na hivyo kikakaa bila kusumbuliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto wachanga wanaoambukizwa hubaki na kirusi maisha yote kwa takriban asilimia 90, na watoto wa chini ya miaka mitano hubaki nacho kwa kiasi kinachoweza kufikia nusu yao, ilhali kwa watu wazima wenye afya ni chini ya asilimia 5. Daktari huita maambukizi ya kudumu pale kirusi kinapoonekana kwenye damu kwa zaidi ya miezi sita.

Nimeanza na historia hii kwa sababu katika jamii zetu za Afrika Mashariki kuna kauli mbili zinazovuma kuhusu ugonjwa huu, na zote mbili zinapotosha. Ya kwanza ni ile ya mitaani, kwamba homa ya ini inaua kuliko Ukimwi na kwamba aliyekutwa nayo aanze kuaga. Ya pili husikika hata kwenye baadhi ya vituo vya afya, ambapo mtu huambiwa kwamba yeye ni mbebaji tu, hana ugonjwa, aende zake nyumbani. Mtu wa kwanza hukata tamaa na wa pili hulala usingizi, na wote wawili huishia kutofuatiliwa. Ukweli ni kwamba hatari ya kufa kwa homa ya ini B ya kudumu haiko sawa kwa watu wote: kwa mmoja inaweza kuwa ndogo sana kwa miaka mingi, kwa mwingine kubwa, na kwa kiasi kikubwa tunaweza kujua ipo kwa nani na kuipunguza kabla haijatimia.

Kwa takwimu za jumla, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na maambukizi ya kudumu, na watu milioni 1.1 walifariki kutokana nayo mwaka huo. Takriban milioni 65 kati ya wenye maambukizi wako katika kanda ya Afrika. Kati ya watu wazima wenye kirusi cha kudumu, asilimia 20 hadi 30 hatimaye hupata makovu makubwa ya ini au saratani ya ini. Maana yake ni kwamba wengi hawafi kwa ugonjwa huu. Lakini mmoja katika wanne si idadi ya kupuuzwa, hasa ikizingatiwa kwamba mtu hawezi kujua yuko upande gani kwa kusikiliza mwili wake.

Ini halilalamiki

Nyama ya ini yenyewe haina mishipa ya kuhisi maumivu. Inayoumia ni ngozi nyembamba inayolizunguka, nayo huumia pale ini linapovimba sana au uvimbe unapokuwa mkubwa. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuendelea kwa miaka 20 au 30 bila dalili yoyote. Katika kipindi hicho kinga ya mwili, ambayo sasa imekomaa, huanza kukishambulia kirusi kwa vipindi, na kwa kuwa kirusi kimo ndani ya chembe hai za ini, kila shambulio huua chembe hizo na kuacha makovu. Kirusi chenyewe si kikali kwa chembe za ini. Uharibifu mwingi unatokana na vita hii ya muda mrefu isiyoisha.

Makovu yakizidi, ini husinyaa na kuwa gumu, na damu inayotoka kwenye utumbo hushindwa kupita ndani yake kwa urahisi. Hata hapo mgonjwa anaweza kuwa hana dalili, na hii ndiyo hatua ambayo matibabu yana faida kubwa sana. Hatari hupanda ghafla pale ini linaposhindwa kazi: tumbo hujaa maji, miguu huvimba, mgonjwa hutapika damu kutokana na mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula, au huchanganyikiwa akili kwa sababu ya sumu ambazo ini haliziondoi tena. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1992, kabla ya dawa za sasa kupatikana, ulionyesha kwamba wagonjwa wa homa ya ini B waliokuwa na makovu makubwa lakini ini likiwa bado linafanya kazi walikuwa hai baada ya miaka mitano kwa asilimia 84. Wale ambao ini lilikuwa limeshindwa walibaki hai kwa asilimia 14 tu. Ni ugonjwa uleule na kirusi kilekile, lakini kufika hospitali kabla au baada ya tumbo kujaa maji kulitenganisha makundi hayo mawili kwa kiasi hicho.

Saratani ya ini ina njia mbili. Mara nyingi huota ndani ya ini lililojaa makovu. Lakini kirusi cha homa ya ini B kina uwezo wa kujipachika ndani ya vinasaba vya chembe za ini, na kwa njia hiyo kinaweza kuanzisha saratani hata kwa mtu ambaye ini lake halijasinyaa. Ndiyo maana mgonjwa mwenye majibu mazuri ya ini hapaswi kuachwa bila ufuatiliaji.

Hapa Afrika sura ya saratani hii ni ya kusikitisha kwa namna ya pekee. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za wagonjwa 2,566 kutoka nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Uganda na Ethiopia, walichapisha matokeo yao mwaka 2017. Ukiiondoa Misri, ambako chanzo kikuu kilikuwa homa ya ini C, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 46, na chanzo kilichoongoza kilikuwa homa ya ini B. Nusu ya wagonjwa hao walifariki ndani ya miezi miwili na nusu tangu kugundulika. Nchini Misri, ambako wagonjwa wengi zaidi waligunduliwa mapema na kupata matibabu, muda huo ulikuwa karibu miezi 11. Mtu wa miaka 46 katika nchi zetu kwa kawaida ana watoto shuleni na wazazi wanaomtegemea, na jambo hilo halionekani katika takwimu za vifo.

Nani yumo hatarini zaidi

Kigezo kilichochunguzwa sana ni wingi wa virusi kwenye damu. Utafiti mwingine wa Taiwan, unaojulikana kama REVEAL-HBV, uliwafuatilia watu 3,653 wenye kirusi, wenye umri wa miaka 30 hadi 65, kwa wastani wa miaka zaidi ya 11. Kati ya wale ambao virusi vyao havikufikia nakala 300 kwa mililita, walioshikwa na saratani ya ini katika kipindi chote cha utafiti walikuwa asilimia 1.3, kati ya wale wenye nakala milioni moja au zaidi, walikuwa asilimia 14.9. Vifo vitokanavyo na ini vilifuata mwelekeo huohuo. Tahadhari moja inahitajika katika kusoma namba hizi: kijana wa miaka 18 anaweza kuwa na virusi vingi mno na ini likawa halijaguswa, kwa sababu kinga yake bado haijaanza kupigana. Ni kwa mtu aliyevuka miaka 30 na bado ana virusi vingi ndipo wingi huo hugeuka kuwa onyo zito.

Mengine yanaongeza hatari juu ya hapo. Wanaume hupata saratani ya ini zaidi kuliko wanawake. Mwenye mzazi, kaka au dada aliyefariki kwa saratani ya ini ana hatari kubwa zaidi, na kwa bahati mbaya katika familia nyingi kifo cha namna hiyo hukumbukwa tu kama kujaa tumbo au hata kurogwa, kwa hiyo daktari anapouliza swali hili inafaa mgonjwa awaulize wazee nyumbani kabla ya kujibu kwamba hakuna. Pombe huharakisha makovu, na kwa mwenye kirusi hiki sitamtajia kiwango kilicho salama. Kisukari na mafuta kwenye ini vina mchango wao. Virusi vya Ukimwi vikiwepo pamoja na homa ya ini B, ini huharibika kwa kasi zaidi. Kipo pia kirusi cha homa ya ini D, ambacho huishi tu kwa mtu mwenye B, na ambacho hufanya ugonjwa kuwa mkali kuliko aina zote.

Nataka kukaa kidogo kwenye sumukuvu, kwa sababu inatuhusu sisi walaji wa ugali na karanga kuliko watu wengi duniani. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Tunaifahamu kwa matukio ya ghafla, kama yale ya mashariki mwa Kenya mwaka 2004 ambapo watu 125 walifariki, au ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hata hivyo, madhara yake makubwa zaidi ni ya kimyakimya. Utafiti uliofanyika kwa wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai ulionyesha kwamba sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini takriban mara tatu, kirusi cha homa ya ini B peke yake mara saba, na vyote viwili vikikutana kwa mtu mmoja, takriban mara 59. Kwa mwenye kirusi, basi, kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyahifadhi, kuchambua punje zilizobadilika rangi na kuzitupa, na kutoipeleka mashineni ile pumba ya mwisho wa gunia iliyovunda ni sehemu ya matibabu yake.

Baada ya jibu la kwanza

Wengi katika eneo letu hugundulika kwa bahati: wamekwenda kujitolea damu, wamepimwa kliniki ya wajawazito, au wamefanyiwa vipimo vya afya vinavyotakiwa kwa wanaokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, ambako jibu hili humfungia mtu safari. Kipimo kinachotumika huitwa HBsAg, nacho hueleza jambo moja tu, kwamba kirusi kipo. Hakielezi hali ya ini wala hatari ya kifo. Kuishia hapo ni sawa na kutofanya kipimo kabisa.

Mtu aliyekutwa na HBsAg anahitaji kupimwa kimeng'enya cha ALT, ambacho hupanda chembe za ini zinapokufa, na wingi wa virusi pale kipimo hicho kinapopatikana. Anahitaji pia kukadiriwa makovu, ama kwa mashine ya kupima ugumu wa ini au kwa hesabu rahisi inayotumia kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani za damu, pamoja na picha ya ultrasaundi na kipimo cha virusi vya Ukimwi. Kipimo cha wingi wa virusi bado ni ghali na hakipo wilaya nyingi, jambo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa kisingizio cha kutowatibu watu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 umekiondoa kisingizio hicho kwa kiasi kikubwa, kwani unaruhusu matibabu kuanza bila kipimo hicho kwa mtu mwenye dalili za makovu, mwenye ALT inayobaki juu kila anapopimwa, mwenye virusi vya Ukimwi au kisukari, au mwenye historia ya saratani ya ini katika familia.

Dawa zinazotumika ni tenofoviri au entekaviri, kidonge kimoja kwa siku. Hazikitoi kirusi mwilini, kwa sababu ndani ya kiini cha chembe za ini hubaki nakala ya vinasaba vyake ambayo dawa za sasa haziifikii. Zinachofanya ni kukifubaza kiasi kwamba ini hupata nafasi ya kupona. Na hupona kweli. Katika utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 96 waliokuwa na makovu makubwa walifanyiwa kipimo cha kinyama cha ini kabla na baada ya miaka mitano ya tenofoviri, na 71 kati yao hawakuwa tena katika hatua hiyo. Kabla yake, mwaka 2004, jaribio lililofanyika Asia kwa lamivudini, dawa iliyo dhaifu kuliko hizo mbili, lilionyesha kwamba ugonjwa uliendelea kuwa mbaya kwa asilimia 7.8 ya waliopewa dawa, ikilinganishwa na asilimia 17.7 ya wasiopewa. Hatari ya saratani hupungua, ingawa haiishi kabisa, na kwa sababu hiyo mwenye makovu makubwa, mwenye historia ya saratani katika familia, na aliyevuka miaka 40 wanatakiwa kupigwa ultrasaundi kila baada ya miezi sita hata wakiwa kwenye dawa. Kwa Waafrika wataalamu wengi hushauri kuanza mapema kuliko umri huo.

Anayetumia dawa asiiache kwa kujiamulia. Kirusi kilichofubazwa kinaweza kurudi kwa kishindo na kulishusha ini ndani ya wiki chache, na hili linawahusu pia wanaotumia dawa za Ukimwi zenye tenofoviri na ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba kidonge chao kinatibu magonjwa mawili.

Kuhusu dawa za asili zinazotangazwa kumaliza homa ya ini, ninaomba msomaji awakumbuke wale askari wa 1942. Mtu mzima aliyeambukizwa karibuni hukimaliza kirusi mwenyewe, bila dawa yoyote, kwa zaidi ya asilimia 95. Akiwa amekunywa mizizi katika miezi hiyo, atapima, atakuta hana kirusi, na atatoa ushuhuda wa dhati kabisa kwa jirani yake ambaye amekuwa na kirusi tangu utotoni. Shuhuda si mwongo, ila ugonjwa wake na wa jirani haukuwa wa aina moja. Na baadhi ya mizizi hiyo yenyewe ni sumu kwa ini.

Nyumbani kwa mwenye kirusi

Jibu la mtu mmoja ni sababu ya kuwapima wote walio karibu naye: mke au mume, watoto, mama yake na ndugu wa tumbo moja. Kirusi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hudumu nje ya mwili kwa siku zisizopungua saba, kwa hiyo wembe, mswaki, mkasi wa kucha na vifaa vya kutogea masikio visichangiwe. Hakipiti kwa kula sahani moja, kukumbatiana wala kukohoa, na mama mwenye kirusi anaweza kunyonyesha.

Atakayekutwa hana kirusi wala kinga apewe chanjo, ambayo kwa mtu mzima ni dozi tatu, kwa kawaida ile ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, hivyo kipimo kitangulie. Kenya iliiingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2001, Tanzania na Uganda mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao sasa wanaelekea umri ambao saratani ya ini huanza kuonekana, kwa sehemu kubwa hawakuipata.

Ilipoingizwa, chanjo hiyo ilipangwa ianze mtoto akiwa na wiki sita, na kwa mtoto wa mama mwenye kirusi wiki sita ni kuchelewa, kwa kuwa maambukizi hutokea siku ya kuzaliwa. Dozi inayomkinga ni ile inayotolewa ndani ya saa 24. Mwaka 2022 ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda ya Afrika walioipata. Mjamzito aliyekutwa na HBsAg anapaswa kuulizia dozi hiyo mapema, wiki kadhaa kabla ya kujifungua, na kumuuliza daktari kama anahitaji tenofoviri katika miezi ya mwisho ya ujauzito, kwani mama mwenye virusi vingi anaweza kumwambukiza mtoto hata chanjo ikitolewa kwa wakati.